Moshi wa Saa Tatu

Shangazi yangu ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kuajiriwa kutoa moshi. Hakuajiriwa kupika, wala kuhadithia, wala kuuza chochote. Kazi yake ilikuwa kuwasha moto wa kuni ndani ya nyumba yake kila asubuhi, moshi upenye kwenye mbao za paa, upande taratibu juu ya bonde, na wageni waliosimama kule juu kwenye jukwaa la kutazamia mandhari waseme "Aaaa!" huku wakipiga picha. Makubaliano yalikuwa saa tatu kamili. Kabla ya hapo wageni wanakuwa bado wanakula mayai hotelini, na moshi usio na mtazamaji ni kuni za bure.

Kwetu mlima ndio mwajiri wa watu wote. Mwenye farasi anawapandisha watu farasi, mwenye miguu anawaongoza kileleni, mwenye mabega anawabebea mabegi, na asiye na kimojawapo anauza maji ya chupa kando ya njia, bei ikipanda kadiri njia inavyopanda. Tuna maporomoko ambayo kiangazi yanasaidiwa na pampu ya hoteli. Tuna kamba ya chuma ya kuvukia bonde, ambapo mtu mzima na heshima zake anafungwa mikanda, anasukumwa, anapiga mayowe mpaka ng'ambo, kisha anauliza kama anaweza kurudia. Tuna hata Jiwe la Wapenzi. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaanika magunia juu yake, na sijawahi kumwona mpenzi yeyote pale ambaye hakuwa amelipa kiingilio.

Baba yangu anachonga fimbo za kupandia mlima na kuziuza pale njia inapoanzia. Binti wa Shangazi ameolewa na mwongoza watalii ambaye sote tunamwita Bado Kidogo, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mgeni anayeuliza kilele kiko wapi. Analitoa kuanzia hatua ya kwanza, na nimesikia kuwa hata wakati wa kushuka analitoa.

Huyo Bado Kidogo ndiye aliyeuleta huo moshi. Siku moja aliwasimamisha wageni jukwaani, ukungu umefunika kilele chote, hakuna cha kuonyesha, watu wameanza kununa. Kule chini mama mkwe wake akawa anabandika maharage. Moshi ukatoka. Bado Kidogo akanyoosha mkono na kusema kwamba pale anaishi bibi wa mwisho wa mlimani, anayeishi kama walivyoishi wa kale. Wageni nusura waanguke kwa furaha. Haukupita muda Meneja wa hoteli akaja na mkataba, na moshi wa Shangazi ukatokea kwenye jalada la kijitabu cha hoteli, chini yake maneno haya: Maisha ya Kale, Moshi wa Kweli.

Sasa, huyo bibi wa mwisho wa mlimani ana miaka sitini na moja. Alikuwa opareta wa simu posta, na amewaunganishia simu waheshimiwa wa kila aina, na mambo aliyoyasikia kwenye zile waya angeyasema nusu yake watu wangehama mji. Lugha ya wageni anaielewa vizuri. Lakini mkataba ulimtaka avue miwani, afiche simu, afunike redio kwa kanga, na asiweke vioo madirishani. Wageni walikuwa wanateremka kutoka jukwaani, wanajaa chumbani kwake, wanaulizana mbele yake kama ameshawahi kuona gari. Shangazi anatazama moto tu. Bado Kidogo alimtaja kuwa na miaka tisini, na kila msimu alimwongezea kidogo.

Tulicheka sana miaka ile. Shangazi mwenyewe alikuwa anaigiza wale wageni jioni mpaka Mama anaomba apumzike, mbavu zinamuuma.

Kisha kifua kikaanza. Mwanzoni kikohozi cha asubuhi, tukasema baridi. Baadaye akawa hawezi kulala chali, anaegemea mito kama mtu anayesubiri gari stendi. Mimi ni fundi cherehani, na nilipompima kwa ajili ya gauni jipya niliona mifupa ya mabega imechomoza, nikaogopa. Nilimpeleka kwa daktari mimi mwenyewe. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamwuliza anapikia nini, akamwuliza chumba kina dirisha, kisha akaweka kalamu mezani.

"Mama, moshi huo utakuua. Si maneno ya kutisha. Uache leo."

Tulivyotoka pale tulipitia dukani, Shangazi akanunua jiko la gesi, tukalipandisha nyumbani. Kesho yake saa tatu ikafika, bonde likawa jeupe na safi, hakuna hata uzi wa moshi.

Meneja alifika kabla ya saa sita. Ni mtu mpole, viatu vinang'aa hata kwenye matope, na hana shida maishani mwake, ana changamoto. Alikaa kwenye kigoda, akalitazama jiko la gesi kama mtu aliyekuta nyoka kitandani.

"Mama, wewe ni mdau wetu mkuu," alisema. "Wageni wamesikitika sana. Mmoja ameuliza kama umefariki."

"Mwambie bado. Ila nikiendelea na moshi atapata picha nzuri ya mazishi," Shangazi akamjibu. "Kifua changu kimeharibika, baba. Daktari amekataza. Siwezi tena."

"Nimekusikia kabisa, Mama. Hiyo ni changamoto, na tutaifanyia kazi. Lakini hata moshi mdogo? Wa dakika chache?"

Shangazi akaanza kukohoa, akakohoa kwa muda mrefu, machozi yakamtoka. Meneja alisubiri kwa adabu. Kikohozi kilipokwisha, akauliza kama Jumatatu ingewezekana.

Alipotoka hapo hakurudi hotelini. Alikwenda moja kwa moja kwa baba yangu, na jioni yake ukaitwa mkutano wa familia sebuleni kwetu. Meneja naye akakaribishwa, akapewa kiti kizuri na chai.

Baba alifungua. Alivaa koti, jambo ambalo hulifanya kwenye posa na misiba tu.

"Dada yangu," alisema, "hakuna anayekupenda hapa duniani kama mimi."

Ndugu akianza hivyo, kamata mkoba wako. Baba akaeleza kuwa fimbo haziuziki kama wageni hawaji, na wageni hawaji kama hakuna moshi. Bado Kidogo akaeleza, macho chini kwa heshima ya mkwe, kuwa wajukuu wa Shangazi wanasomeshwa na jukwaa lile. Binamu yangu, mkewe, alilia kidogo, sijui upande wa nani. Kila aliyesema alianza kwa kumwombea Shangazi afya njema, kisha akaomba moshi. Nilijaribu kusema alichosema daktari, nikaambiwa watoto wasiingilie, na mimi nina wanangu wawili.

"Halafu tusikuze mambo," Baba akaendelea, sasa amepata moto. "Moshi ni moshi tu. Sisi sote tumekulia kwenye moshi. Mama yetu mzazi alipika kwa kuni maisha yake yote mpaka anaingia kaburini."

"Aliingia na miaka mingapi, Kaka?"

Baba akaanza kufunga vifungo vya koti.

"Hamsini na mbili," Mama akajibu kutoka jikoni.

Shangazi akatazama sebule yetu, polepole, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Vioo vya madirisha, jiko la gesi la Mama, bomba la maji ndani.

"Mmesema kweli," akasema. "Familia haiwezi kufa njaa kwa ajili ya kifua changu. Moshi mtaupata. Kaka, tubadilishane nyumba."

"Nani?"

"Mimi na wewe. Wewe umekulia kwenye moshi, haukukudhuru. Nenda ukaukalie. Mimi nitakaa hapa na wifi yangu."

Baba alicheka, akatutazama tucheke naye. Hakuna aliyecheka. Bado Kidogo, ambaye kwenye hatari ana miguu myepesi, akawahi kusema, "Mjomba, ni kwa muda mfupi tu. Bado kidogo tu hali itatengemaa." Na Meneja akaweka kikombe chini kwa msisimko.

"Hili ni wazo bunifu kabisa! Mzee wa mwisho wa mlimani! Na pale pale anauza fimbo!"

Baba alikuwa amenaswa. Angekataa vipi, mbele ya mkwe, mbele ya mgeni, maneno yake yakiwa bado moto mdomoni? Alimgeukia Mama. Mama akasema yeye hakuchangia hoja yoyote kwenye kikao kile, kwa hiyo hahamii popote. Kesho yake Baba akabeba begi lake, blanketi na fimbo kumi na kitu, akateremka bondeni.

Siku za mwanzo alifurahia. Alisimama mlangoni na blanketi lake, akapunga mkono, akauza fimbo mpaka akaishiwa miti. Baadaye macho yakawa mekundu. Akaanza kupanda kwetu jioni kuchukua sabuni, na sabuni ilimchukua saa mbili kuipata. Shangazi alimfungulia mlango kwa ukarimu wote. "Karibu, Kaka. Vua viatu, nimepiga deki."

Shangazi kwa upande wake alikuwa anarudi duniani. Mito ilipungua, akalala chali. Alikaa dirishani na miwani yake, redio inaongea, anawaigiza wageni wa zamani, na Mama anashika mbavu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, maana usiku nilijua aliyekuwa anakohoa kule chini sasa ni baba yangu.

Aliposhindwa kupanda mlima bila kusimama alikwenda kwa daktari. Ni daktari yule yule. Akarudi na habari, akatukusanya sebuleni na koti lake.

"Mnajua kwamba moshi wa kuni unaharibu mapafu?" alituuliza, amepauka. "Daktari amenieleza. Si mchezo! Watu wanakufa!"

"Hee," Shangazi akasema. "Kumbe."

Jioni hiyo Baba akampigia simu Meneja. Asubuhi yake, hata chai haijapoa, pikapu ya hoteli ikateremka bondeni na mashine imefunikwa turubai. Fundi umeme akaifunga nyuma ya nyumba, akavuta waya, akabonyeza. Moshi ukatoka mweupe, mzito, hauna harufu, ukapanda juu ya bonde kuliko tulivyowahi kuuona. Kule jukwaani wakasema "Aaaa!" kwa sauti iliyotufikia. Hakukuwa na mkutano. Hakuna aliyesema habari za wajukuu. Baba alituambia siri ni kujua namna ya kuongea na watu.

Jumapili yake Meneja alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti kile kizuri. Baba naye alikuja, begi mkononi, amechana nywele, tayari kurudi kwake. Meneja alieleza kwamba wageni wanamlalamikia Mzee kidogo, anawauzia fimbo kwa nguvu hata wale wenye fimbo, na walimzoea bibi. Je, Shangazi angerudi? Sasa hakuna moshi wa kudhuru, ni kukaa tu. Na vioo madirishani wangeweza kuvijadili.

Shangazi alikuwa anakoroga chai.

"Mashine ile imewagharimu sana?"

"Hapana, Mama, wala hatukununua," Meneja alisema kwa furaha. "Ni ya ukumbini. Tunaitumia kwenye harusi, maharusi wakiingia. Ilikuwa stoo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu tunafungua hoteli."

Kijiko kikasimama. Miaka yote ile ya mito na kikohozi, mashine imekaa stoo inasubiri maharusi.

"Nilikwambia kifua changu kimeharibika," Shangazi alisema. "Ulikuja kwangu. Nilikohoa mbele yako."

Meneja alifikiri. Nitampa haki yake, alifikiri kwa dhati, na akajibu bila ubaya wowote, kama mtu anayeelekeza njia.

"Ni kweli, Mama. Lakini wewe ulikuwa umelalamika. Mzee aliumwa."

Baba aliangalia viatu vyake. Nilingoja aseme neno, lolote lile, hata la kukohoa. Hakusema.

Shangazi aliinuka, akaenda mlangoni, akaufungua. Alichukua begi la Baba mkononi mwake taratibu, wala hakulivuta, akaliweka nje kwenye ngazi. Meneja akaelewa haraka kuliko Baba, akasimama, akashukuru kwa chai.

"Dada," Baba alisema alipokuwa tayari nje, "hii ni nyumba yangu."

"Umelalamika, Kaka," Shangazi akasema. "Ukiumwa, tuambie."

Akaufunga mlango. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote na taulo la jikoni begani, akapitisha mkono na kuzungusha ufunguo.