Chumvi ya Kwa Batumbula

Utotoni mwangu kazi yangu ilikuwa kuwa macho ya Kambo, bibi yangu mzaa baba. Yake yalikuwa yameingia ukungu, na mimi ndiye niliyemshika mkono kwenda kanisani, sokoni, hata chooni. Tulikuwa tunakaa Tenke. Siku moja kitindamimba wake, Fiston, aliyekuwa akichimba shaba Kolwezi, alileta habari kwamba amepata daktari wa kumpasua mama yake macho. Kambo alifurahi mpaka akaanza kuwaaga jirani kama mtu anayekwenda harusini.

Fiston alitupokea Kolwezi mchana, tope limemganda magotini, akatukodia chumba katika hoteli ya zamani karibu na kituo cha treni. Wabelgiji waliijenga kwa ajili ya mainjinia wao: kuta nene, veranda ndefu, sakafu ya saruji nyekundu. Ukutani palikuwa na jina zuri la Kifaransa ambalo hakuna aliyelitumia. Kila mtu alisema Kwa Batumbula.

Mtoto wa Katanga hahitaji kuelezwa batumbula ni nani, lakini wengine niwaeleze. Wazee wetu walisema Wazungu walikuwa na watu wao wa kukamata wapita njia gizani. Waliokamatwa walifichwa mashimoni chini ya nyumba kubwa, wakalishwa chakula kisicho na chumvi mpaka wanenepe na ulimi usahau kusema, kisha Noeli ikifika wakachinjwa. Wazungu walikwisha kuondoka, ila watu wa mashimoni, walisema, wamebaki pale pale, nao wakarithi jina la batumbula. Na kwa kuwa hawawezi kuita, wanagonga.

Kambo alisita mlangoni. "Fiston, hakuna nyumba ingine?"

"Hii iko karibu na hopitali, mama. Mi niko na kakazi hapa jirani, asubui nitakuya. Kesho kutwa utaniona muzuri na macho yako."

Akanipa andazi, akaondoka huku anacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mimi nilimpenda kuliko baba zangu wote wadogo.

Alasiri ikanyesha mvua kubwa. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wa kwetu, na samaki, giza ndiyo kwanza linaingia, nikasikia kitu chini ya sakafu. Ngo, ngo. Kikanyamaza, kikaanza tena, kwenye pembe ambayo saruji ilikuwa imepasuka. Nilihisi mtikisiko kwenye nyayo zangu. Kambo aliacha tonge hewani.

Mama Béa, mwenye hoteli, aliingia bila kubisha, bakuli mkononi. Hakuonekana kushtuka hata kidogo. Alichuchumaa akamimina chumvi katika ule ufa, polepole, kama anayelisha kuku.

"Ni bale ba chini," alisema. "Mwaka huu banagonga sana. Mubaimbie, batatulia."

Ndivyo ilivyokuwa desturi ya nyumba ile: chumvi kwanza, kisha nyimbo. Vyumba vingine vilikwisha kuanza. Mimi nilichukua kijiko nikataka kugonga nami, maana mtoto akigongewa hugonga. Kambo alinidaka kifundo cha mkono, na kwa mtu asiyeona alikidaka barabara.

"Hapana kuitika, mama," aliniambia. "Ule anaitika, banamubeba yeye."

"Kambo, pengine ni mutu."

"Mutu angeita na mudomo."

Akaimba. Kambo alikuwa na sauti nene ya kukwaruza, na wimbo wa Kiluba aliokuja nao kutoka kaskazini, ambao sijausikia kwa mtu mwingine. Aliuimba huku amenikumbatia, jasho lake likinilowesha. Kabla ya ubeti wa pili, kugonga kukakoma. Mama Béa akainamisha kichwa kwa heshima. "Banapenda sauti yako, mama," alisema, akaenda na bakuli lake.

Asubuhi Fiston hakuja. Zilikuja kelele za wanawake kutoka kiwanja cha jirani. Pale, chini ya turubai, palikuwa na shimo la wachimbaji walilokuwa wakilificha, na mvua ilikuwa imelibomoa mdomo. Njia yake ilipita chini ya hoteli. Mji mzima ulijua kwamba watu wanachimba chini ya nyumba za watu, ila Kwa Batumbula nyundo zilikwisha kupata maelezo yake tangu zamani. Walimtoa rafiki yake Fiston, Kazadi, akiwa hai. Fiston walimtoa mwisho. Udongo ulikuwa umeanguka tena juu yake.

Kazadi alikuja Tenke kwenye kilio. Alimwambia mama yangu nyuma ya jiko, na mimi nilikuwa nimemshika gauni.

"Hatukukuwa na pumuzi ya kuita, tulikuwa na nyundo tu. Chumvi ikatuangukia. Kiisha Fiston akasikia sauti. Akasema, ule ni mama yangu. Akaweka nyundo chini. Akasema, tupumuzike, mama anajua tuko hapa, banakuya kutufukua."

Mama akanigeukia. "Hii neno, kambo yako asiijue."

Hakuijua. Hakukanyaga Kolwezi tena, na macho yake yalizimika kabisa. Kwa kila mgeni alisimulia kwa namna yake: walio chini walimtaka mjukuu, yeye akawanyima, wakamchukua mwanawe. Alisimulia huku ananipapasa kichwa, na mimi nilikuwa naumia kwa namna ambayo sina jina lake.

Siku zake za mwisho nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, mtu wa kuwakataza wanafunzi ushirikina. Nilikuwa namlisha uji akanisukuma mkono.

"Niambie, weye umesoma. Balikuwa batumbula?"

Niliangalia yale macho meupe.

"Ndiyo, ni bo, Kambo," nilisema. "Ni bo kabisa."

Akafungua kinywa nimpe uji. Sijawahi kujuta kwa jibu lile. Darasani ningali nawaambia watoto kwamba batumbula hawapo, na kila nikisema hivyo namwona Fiston akiweka nyundo chini, akitabasamu gizani, akimsikiliza mama yake.