Niliformat laptop, key ya upgrade ikagoma: nilivyoikomboa hapa Juba

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, wakuu, ndipo laptop ya mteja iliponigomea. Dakika naijua kwa sababu kila hatua naiandika kwenye daftari.

Nawasalimu kutoka Kator, Juba. Sitaongeza chumvi.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua mashine mbovu tulipokuwa ukimbizini Uganda. Leo nina kibanda cha ufundi.

Mteja ni Mama Poni, aliyekulia Nakuru. Anatafsiri mahojiano ya wagonjwa kwa shirika moja. Mkaguzi wa shirika alikuwa anakuja saa nane mchana, na diski ikikutwa haijafungwa kwa encryption, mkataba unakufa.

Laptop yake ilikuwa na Windows Home. Encryption waliyoitaka ipo kwenye Pro. Akanunua key ya upgrade, yaani namba ya kuipandisha Home iwe Pro.

Hapo nikafanya kosa la mafundi wa huku. Kwetu mashine ikiletwa unaformat kwanza. Usipofuta, mteja anaona hujafanya kazi.

Nikahamisha mafaili yake kwenye diski ya nje, nikafuta kila kitu, nikailazimisha installer iweke Pro moja kwa moja. Nikaingiza key.

Ikakataa mara tatu. Key ya upgrade inapandisha Windows iliyo halali, na mimi nilikuwa nimeshaifuta.

Mama Poni alikuwa kwenye benchi, ananitazama.

"Ustaz, niambie ukweli. Umeniharibia?"

"Bado sijui, mama. Nipe nafasi nifikiri."

Lado, fundi wa kibanda jirani, akachungulia akicheka. "Mzee na daftari yake! Mimi iko na crack hapa. Dakika mbili, kalas, imeisha!"

"Wewe Lado," Mama Poni akamjibu, "hiyo crack yako ya wizi ndiyo mkaguzi ataona kwanza. Fees ya watoto utalipa wewe?"

Njia nyingine ilikuwa kununua Pro kamili. Pesa hiyo hakuwa nayo.

Nikarudi kwenye daftari. Kabla ya kuigusa mashine nilikuwa nimeandika: "Home, activated, halali. Haina sticker ya key."

Nikajiuliza, kama sticker hakuna, key ya Home ilikaa wapi?

Kwenye chip ya motherboard. Kiwanda huiweka humo, na kuformat diski hakuigusi. Nilikuwa nimefuta Windows, lakini haki yake ilikuwa bado mle ndani.

(Desktop ya kuunga mwenyewe haina kitu hicho. Msije kunilaumu.)

Nikafuta tena, nikaweka Home. Safari hii installer haikuuliza key. Nikawasha hotspot ya simu, ikajiactivate yenyewe. Ndipo nikaingiza ile key ya upgrade.

Ikazima, ikawaka. Pro. Activated.

Nikarudisha mafaili yake, na saa saba na dakika arobaini diski ilikuwa imefungwa. Mkaguzi alifika, akaiona alama ya kufuli, akasaini. Mama Poni alipiga vigelegele vikasikika hadi kibanda cha Lado.

"Mzee," Lado akasema, "hiyo daftari unauza?"

Siuzi.

Nilichojifunza: ukiwa na key ya upgrade, activate kwanza toleo la chini, kisha pandisha. Na andika hali ya mashine kabla ya kuifuta.

Aliyewahi kukwama hapa aseme alitokaje. Kama nimekosea mahali, nisahihisheni.

Bei ya Pro kamili ambayo Mama Poni hakuilipa: dola 199.