Daktari wa Mionzi

Hospitali ya mjini ilimwambia baba kwamba uvimbe wa kooni mwake unahitaji mionzi, na Sumbawanga mionzi haipo; aende Dar es Salaam haraka. Baba akashukuru, akarudi zake shambani kuvuna ulezi. Kaka yangu, mwenye duka Majengo, alimbembeleza mpaka akachoka. Jibu lilikuwa lile lile: mionzi tunayo nyumbani, inakuja likizo.

Mionzi yenyewe ilikuwa mimi.

Mimi ni mwanafizikia. Huko ughaibuni ninakofanya utafiti, tunashika atomi moja moja kwa mionzi ya leza, tunazipoza mpaka zitulie, kisha tunazifanyisha hesabu. Tunatumaini siku moja zitakuwa kompyuta ya namna mpya kabisa. Nilipohitimu shahada ya uzamivu, katekista alitangaza kanisani kwamba binti wa kigango chetu amekuwa daktari wa mionzi, na akina mama wakapiga vigelegele. Kwetu Ufipa daktari ni mtu anayetibu. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

Habari za uvimbe sikuambiwa. Baba alikataza, nisije nikahangaika kazini. Nilipofika nilimkuta amekonda, shati linamning'inia, hata uji unamshinda kumeza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vyombo vyako viko wapi?"

Nilidhani anaulizia mizigo. Kaka ndiye aliyenivuta pembeni akanieleza yote. Nikarudi, nikakaa chini karibu na baba, nikamwambia ukweli: mwanga wangu hautibu mtu. Unashika tu vitu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho.

Nje upepo ulikuwa unapigapiga mabati.

"Hivyo vitu vyako," baba akasema, "ukishavishika, vinapona?"

"Haviumwi, baba."

"Basi una bahati."

Kesho yake alfajiri tulipanda basi, naye hakubisha tena. Huko Dar es Salaam daktari alizitazama picha za koo kwa muda mrefu, akauliza kwa upole kwa nini tumechelewa kiasi hiki. Nilifungua mdomo nijibu. Baba, kwa ile sauti kidogo iliyobaki, akanitangulia.

"Nilikuwa namsubiri daktari wangu," akasema, akanionyesha kwa kidevu.

Alisema kwa fahari, kama anayenitambulisha kwa mwenzangu wa kazi. Nililia mbele yao wote wawili.