Feni Niliyosema Nimeiangalia

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, na hunijia yenyewe kila ninapoona fundi kijana kainamia boneti ya gari la zamani. Kaa nikusimulie. Nimeshazeeka na kazi nimeiacha, kwa hiyo sina sababu ya kujipamba.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa umeme wa magari pale Tunduma, kwenye gereji moja upande wa kutokea Mpemba. Nilikuwa nimetoka kujifunza kujaza gesi ya AC, na mjini tuliojua kazi hiyo tulikuwa wachache. Basi nikajiona. Gari likiingia, kabla mwenyewe hajamaliza maelezo, mimi nimeshasema kinacholisumbua.

Asubuhi moja akaja Mwalimu Kibona, mwalimu mstaafu wa Itumba, na gari lake dogo lililopauka rangi juu. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mkewe, Mama Tusekile, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kulazwa kwa ajili ya kifua. Siku hizo barabara ya Ileje, ya kwenda kwao Itumba, haikuwa na lami, ilikuwa vumbi mwanzo mwisho, na daktari alikuwa amewaonya kwamba mama asivute vumbi hata kidogo. Vioo vilitakiwa kufungwa njia nzima, na jua likishapanda, gari lililofungwa vioo bila AC halikaliki. Wewe unaweza kuiona AC ni starehe ya wenye nazo. Kwa yule mama ilikuwa sehemu ya matibabu.

Mwalimu alinieleza polepole, kama yuko darasani. Alisema gari likikimbia, AC inapuliza baridi vizuri. Likisimama kwenye foleni ya malori ya mpakani, au likipanda mlima taratibu, AC inaanza kupuliza joto na mshale wa joto la injini unapanda. Mwanangu, yule mzee alikuwa amenipa jibu lote mkononi. Gari likikimbia, upepo wa njiani ndio unaopoza rejeta. Likienda polepole, kazi hiyo ni ya feni. Fundi aliyetulia angeiacha injini ipate moto, angewasha AC, halafu angesimama aitazame feni kama inazunguka.

Mimi nilimkatiza. Nikasema gesi imepungua, nikajaza gesi, na baridi ikatoka. Asubuhi za Tunduma zina baridi yake, hata gari bovu huonekana zima. Mwalimu akaweka mkono kwenye tundu la hewa, akaridhika, ila kabla ya kupanda akageuka.

"Na feni umeiangalia?"

"Nimeiangalia, Mwalimu. Iko sawa."

Sikuwa nimeiangalia. Niliona tu kwamba ipo mahali pake.

Jua lilipokaribia utosini, dereva wa basi dogo litokalo Itumba alisimama gerejini na salamu za Mwalimu. Gari lilikuwa limechemka likipanda mlima, wameegesha kando ya nyumba za watu, naye ananiomba niende. Hakutuma neno la lawama. Nilichukua begi langu la spana, nikapanda basi lililokuwa likienda huko, na njia nzima nilikuwa nikitunga maneno. Nitasema feni ilikuwa nzima, imekufa njiani kwa mitikisiko. Nani angenibishia? Gari la zamani, barabara mbovu. Uongo wenyewe ulikuwa umekaa vizuri kabisa.

Nilimkuta Mwalimu kwenye kivuli cha gari, boneti imefunguliwa, mfuniko wa rejeta haujaguswa. Alikuwa na busara ya kuzima injini mapema na kungoja ipoe, ndiyo maana ilipona. Akanisimulia kwamba mshale ulipopanda alizima AC, wakalazimika kushusha vioo, na papo hapo lori likawapita. Mama alikohoa mpaka akashindwa kusema. Wenye nyumba ile wakambeba, wakamwingiza ndani, wakampa maji ya vuguvugu na dawa zake, na ilichukua muda mrefu kabla pumzi haijamrudia.

Nilipelekwa kumsalimia. Alikuwa ameegemea ukuta, khanga mabegani, macho mekundu. Nikasema shikamoo, akaitikia kwa sauti iliyokwaruza. Kisha akanitazama, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Baba, asubuhi ulipomwambia mwenzangu umeiangalia feni, uliiangalia?"

Maneno yangu yote ya njiani yalikuwa mdomoni. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, naye anangoja.

"Sikuiangalia, mama," nikasema. "Nilidanganya."

Akavuta pumzi zake fupi fupi. "Haya," akasema. "Sasa kaiangalie."

Hiyo tu, mwanangu. Nimewahi kugombezwa kwa maneno mengi maishani mwangu, na mengi nimeyasahau.

Nilitoka nikafanya kazi kama sijawahi kufanya. Injini ilipopoa niliongeza maji, nikaiwasha, nikawasha na AC, nikasimama kuitazama feni. Haikuzunguka. Nikaangalia fyuzi, nzima. Nikabadilisha rilei, swichi ndogo inayoiwasha feni, na ile ya honi, zilikuwa za aina moja, bado. Nikaipa feni umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikazunguka kwa nguvu, nikajua mota haina kosa. Basi nikafuata waya mmoja mmoja kwa vidole mpaka nikafika pale waya wa feni unapofungwa kwenye bodi ya gari. Boliti ilikuwa imelegea na kutu imekula chini yake. Kutu tu. Nikaisugua kwa msasa, nikaikaza, na feni ikaamka. Nikaosha na rejeta ya mbele, ile ya AC, iliyokuwa imejaa makapi na vumbi.

Mwalimu alitaka tuondoke wote, nami nilikuwa nimeshaamua hivyo moyoni. Nilikaa mbele, macho kwenye mshale. Tulipanda ile milima gia ndogo, malori yakatupita, vioo vimefungwa, na mshale ukabaki katikati. Kabla hatujafika Itumba niligeuka nyuma nikamwona mama amelala, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Sijui kama nimewahi kufurahi namna ile kwa sababu ya kazi. Jioni walinilisha ugali na maharage, na Mwalimu akanieleza habari za wanafunzi wake mpaka nikasinzia kitini.

Mwanangu, siku hizi ninyi mafundi mna vifaa vya kuchomeka garini vikawasomea kasoro. Ni vizuri, navipenda, ningekuwa kijana ningekuwa navyo. Lakini hakuna kifaa kitakachokuzuia kusema umeangalia kitu ambacho hujakiangalia. Hilo ni lako mwenyewe. Kwa hiyo nakuusia: mwenye gari akieleza, mwache amalize, maana yeye ndiye anayekaa nalo. Ukiulizwa jambo ambalo hujalifanya, sema bado, uende ukalifanye. Neno "bado" halijamvunjia fundi heshima. Na ukishakosea, usitunge la pili la kulifunika la kwanza. Nenda kwa uliyemkosea, umwambie ilivyokuwa, kisha uchukue spana.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na subira ya kufuata waya mpaka mwisho wake. Wanaopanda magari uliyoyagusa wafike kwao salama, walale njiani bila hofu, na wewe ulale kwako vivyo hivyo.