Kumbikumbi wa Mama Poni

Naikumbuka alasiri moja kule Kuluba, mvua imekatika na jua limetoka kali, nami ni msichana wa kuchumbiwa. Wageni wa posa yangu walikuwa njiani kutoka Arua, na nyumbani mboga ilikuwa majani ya kunde matupu. Aibu ilinikaba, mwanangu! Nikienda kuteka maji, nikaona kichuguu kinamwaga kumbikumbi mchana kweupe. Nikapiga kelele, "Ngekewa!"

Neno hilo alituletea babu yangu, aliyekuwa askari. Alilipata kambini kwa wenzake wa pwani. Lilitoka wapi kabla ya hapo, alisema hata yeye hajui. Kwetu lilikuwa heri inayokuangukia ghafla, hujaitolea jasho.

Nilijaza kapu nikarudi mbio. Babu akalitazama, akanitazama.

"Nyasi ya pale nani alifyeka? Shimo ya kuwanasa nani alichimba?"

Nilijua vizuri sana. Ni Mama Poni, mjane jirani yetu, aliyekitunza kichuguu kile tangu kiangazi.

"Basi hiyo hapana ngekewa," babu akasema. "Hiyo iko chakula ya Mama Poni. Rudisha."

Weee! Nilikwenda nalia. Nikaweka kapu mbele ya yule mama, nikakiri. Alifunua kapu, akachungulia ndani. Kisha akacheka, akashika mbavu.

"Si ungeomba tu, wewe mutoto? Leta sufuria."

Akanigawia nusu. Moyo wangu ulitua, nikapumua kama mtu aliyeshusha mtungi kichwani. Wageni walikula wakalamba vidole. Baba yako mpaka leo anawasifu kumbikumbi wale. Babu akaninong'oneza, "Sasa hii ndiyo ngekewa."

Kwa hiyo usinichezee neno la babu yangu. Hiyo simu uliyookota stendi ya Arua unaiita ngekewa, nayo inalia tangu asubuhi, wewe unaikata! Kuna mtu huko anahangaika. Kitu chenye mwenyewe kirudishe, mwanangu. Akikupa chochote kwa moyo wake, pokea ufurahi. Asipokupa, utalala bila kushtuka mtu akipiga hodi, na hilo si dogo.

Mungu akujalie heri ambayo hakuna anayeililia. Haya, hiyo inalia tena. Pokea, useme haloo.