Kihesabio cha Wageni

Kabla ya kushika kompyuta nilikuwa dalali wa mpunga Majimoto, na udalali haumtoki mtu: mpaka leo nahesabu kila kitu mara mbili. Ndiyo maana, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipopewa kazi ya kutunza ukurasa wa intaneti wa shirika moja dogo lililotafuta ndugu waliopotezana vitani, kitu cha kwanza nilichouwekea ni kihesabio cha wageni.

Hakikuwa chetu. Kilikaa kwenye mashine ya watu wengine, ng'ambo; ukurasa wetu ulikuwa na mistari michache tu ya kukiita. Kilikuwa cha bure, na mimi cha bure sikiachi. Nikaongeza saa inayotembea, ya watu wengine tena, na hali ya hewa ya miji ambayo hakuna mtu wa Mpanda aliyewahi kuiona. Vyote nikavipanga juu. Orodha ya waliopatikana, iliyojazwa na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, maandishi matupu, mepesi, ikakaa chini.

Ofisi yetu ya Kawajense, hapo Mpanda, ilikuwa na simu ya satelaiti, na intaneti yetu ilipitia humo. Bosi aliruhusu dakika kumi kila Alhamisi. Siyo kumi na moja.

Mama mmoja Mrundi alikuja kwa miguu kutoka makazi ya wakimbizi, akimtafuta mdogo wake wa kike. Waliokuwa kwenye orodha hiyo walishikiliwa katika kituo kimoja ng'ambo ya ziwa. Asiyeulizwa na ndugu hadi mwisho wa mwezi alirudishwa kulekule kwenye vita.

"Leo atakuwemo, mwanangu?"

"Nyie mna haraka kama mmeacha ugali jikoni. Kaa, mama."

Akakaa. Kompyuta ikasoma ukurasa kuanzia juu, ikafika kwenye kihesabio, ikasimama kungoja jibu la ng'ambo. Lisipokuja, haishuki. Dakika tatu. Kikatokea: *Wewe ni mgeni wa 31.* Ikaingoja ile saa inayotembea, dakika nne. Hali ya hewa haikujibu kabisa. Bosi akakata simu.

"Umemwona?"

"Nimeona saa."

Ofisi nzima ikacheka. Yeye naye akatabasamu, kwa adabu, akajifunga kitenge chake na kuondoka.

Alhamisi ya pili akawa mgeni wa 38. Ya tatu, wa 44. Nilishajua kinachokwamisha, dalali anayeshindwa kumjua anayeziba njia ya ghala hafai. Lakini bosi alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba wageni wanaongezeka, na makao makuu yalikuwa yameniletea barua ya pongezi. Nikakiacha kihesabio palepale.

"Hiyo namba inahesabu nini?" akauliza.

"Watu waliofungua."

"Na mimi nimo?"

"Umo, mama. Peke yako umeshakuwa wageni watatu."

Akaitazama. "Kwa hiyo mimi nimeshaandikwa. Bado yeye."

Safari hiyo hakucheka mtu.

Jumatatu nikamwomba bosi dakika tano za kurekebisha ukurasa. Akanipa mbili, ambazo ndizo nilizokuwa nazitaka. Nikavifuta vyote vitatu.

Alhamisi ya nne orodha ilifunguka kabla hajakaa vizuri. Nilipima mara mbili: dakika moja na sekunde arobaini. Jina la mdogo wake lilikuwa la saba, pamoja na la baba yao na la kilima walikozaliwa. Pembeni: *Amerudishwa, Jumanne.*

Hakujua kusoma. Nikamsomea.

"Alikuwemo humu tangu lini?"

Nilitazama tarehe ya kuingizwa. Nikahesabu wiki, nikazihesabu tena, nikitumaini nimekosea.

"Tangu Alhamisi ya kwanza."

"Ile niliyokuja mimi?"

"Hiyohiyo."

Akashika ukingo wa meza. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Nane."

"Basi nisomee tena."

Nikasoma ule mstari mmoja, nikaurudia, mpaka bosi alipokata simu.