Kibandiko cha Kijani kwenye Ramani

Mto Potomac ukipwa ulikuwa na harufu yake: tope bichi, majani yaliyooza, na dizeli iliyovuja kwa miaka mingi kutoka karakana ya mashua iliyofungwa kabla sisi hatujafika. Harufu hiyo ilipanda hadi ghorofa ya tatu tulikokaa, ikaingia dirishani na kukutana na ya vitunguu vya Mama jikoni. Mji wetu ulikuwa mdogo, upande wa Maryland, si mbali na Oxon Hill. Jina lake nitaliacha. Wanaoujua watautambua, na wasioujua hawatakosa kitu. Zamani ulikuwa kitovu cha eneo lile lote, watu wakija kununua nguo na kuvuka mto kwa feri. Sisi, mwishoni mwa miaka ya tisini, tuliukuta umelala. Katikati ya mji palikuwa na maghala yaliyozibwa kwa mbao, uzio wa waya uliolegea, duka la pombe lenye nondo dirishani, na majengo mawili ya matofali mekundu ya kupangisha. Mabata bukini walikatiza barabara polepole, na madereva wachache waliopita pale waliwasubiri. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu hakuna aliyetaka kuishi kando ya maji. Leo ukimwambia mtu hivyo atadhani una homa.

Jengo la pili lilikuwa la Wamarekani Weusi ambao wazazi wao walizaliwa papo hapo. Letu lilijaa watu wa kwetu, ikiwa neno hilo linaweza kutanuliwa kutoka Nakuru hadi Tanga na kuendelea hadi Bukavu. Baba alikuwa mwalimu Nakuru. Hapa alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini. Kwa kuwa ndiye aliyetangulia kufika na ndiye mwenye mvi, alikuwa mkubwa wa jengo bila kupigiwa kura. Mama aliwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alikwenda kwa miguu, akarudi mchana kuchungulia sufuria, akaenda tena. Jioni za kiangazi alivua viatu vya kazi akaketi juu ya ukuta uliobomoka kando ya mto, miguu ikining'inia, akila karanga. Nakuru, akiwa mke wa mwalimu, asingethubutu kuketi hivyo mbele za watu. Mama aliupenda mji ule, na alisema hivyo waziwazi, jambo lililowashangaza wenzake. Baba hakuupenda wala hakuuchukia. Alikuwa akijenga Nakuru, na ukutani sebuleni alibandika picha za nyumba yake kadiri zilivyoletwa: msingi, kuta, kisha mbao za paa. Mgeni akiingia alionyeshwa picha hizo kabla ya kukaribishwa kiti.

Majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, halmashauri ya mji ilimtuma kwetu afisa wa mipango miji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole, Bi. Helen. Alieleza kwamba mji unataka kurudisha uhai katikati yake, na kwamba kazi hiyo itachukua miaka ishirini na mitano. Kwanza ukingo wa mto utasafishwa na udongo wenye mafuta kuondolewa. Kisha ipandwe miti na ijengwe njia ya watembea kwa miguu. Baadaye zije maktaba, maduka, gati ya feri, na mwisho nyumba za kuishi. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, na mlango ulipofungwa akacheka. Alisema mipango si matumizi, na kwamba serikali inayohesabu miaka ishirini na mitano haina haraka ya kufanya lolote. Hata hivyo Bi. Helen alirudi. Kila alipokuja alipewa chai na maandazi, akaulizwa habari za wazazi wake, na akaondoka na mfuko wa sambusa bila kupata jibu hata moja la maswali yake. Wenyewe husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Safari ya tatu Bi. Helen ndiye aliyetuletea jembe, na hapo ndipo ilipodhihirika kwamba hatukuwa tumekubaliana nani mwenyeji na nani mgeni.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika chumba cha chini cha jengo letu, chenye mashine za kufulia. Bi. Helen alitandaza mezani ramani kubwa ya mji, kila jengo limechorwa, akagawa vibandiko vya duara. Chekundu kilimaanisha kwamba kitu hicho kinaweza kuondoka, cha kijani kwamba kibaki. Alisema pia, na alilirudia jambo hili mara mbili, kwamba majengo yetu mawili huenda yakavunjwa, lakini wapangaji watakaoonyesha kwamba wanataka kubaki wataandikwa majina, na nyumba mpya zikijengwa watafikiriwa kwanza, kwa kodi wanayoiweza. Alitaka kila mtu aende mwenyewe na kubandika anavyoona. Watu walitazamana. Walikuwa wamepika pilau kwa ajili ya kikao, wamevaa nguo za kanisani na za Idi, na hakuna aliyekuwa tayari kusimama mbele ya mkubwa wake na kutoa rai. Mama Salma, jirani yetu wa Tanga, ndiye aliyeokoa jahazi. Alimgeukia Baba akasema, "Baba Wambui, wewe ndiye mkubwa wetu. Tangulia, nasi tupo nyuma yako."

Baba akatangulia. Alichukua kibandiko chekundu, akaitafuta nyumba yetu kwenye ramani, akakibandika juu ya paa letu na kukisugua kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia Bi. Helen na kusema, akichanganya lugha kama alivyozoea alipotaka sote tusikie, "Sisi hapa ni wapita njia, madam. Hiyo twenty-five years ikiisha, tutakuwa tumerudi home kitambo." Watu wakaguna kwa kukubali. Mama Salma akaongeza kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, methali ambayo hakuna aliyejaribu kumtafsiria Bi. Helen. Basi wakapanga foleni, mmoja baada ya mwingine, chekundu juu ya chekundu, mpaka jengo letu halikuonekana. Nilimwona Mama mwishoni mwa foleni. Watu walipogeukia pilau alikuwa bado ameinamia ramani, na alipoinuka palikuwa na kibandiko kimoja cha kijani pembeni mwa vile vyekundu.

Siku chache baadaye Bi. Helen alibisha mlango wetu. Hakutaka maandazi. Alitaka kujua kibandiko cha kijani kilikuwa cha nani, ili amwandike jina. Mama alikuwa amesimama na birika mkononi. Baba hakumtazama, alitabasamu na kusema ni watoto, walikuwa wakicheza. Bi. Helen akanitazama, akasema nilichagua rangi nzuri. Nikamtazama Mama nikisubiri aseme, maana nilimwona kwa macho yangu. Mama akamimina chai hadi kikombe kikajaa, akamkaribisha sukari. Kumpinga mume mbele ya mgeni lilikuwa jambo ambalo mikono yake haikujua kulifanya, na Bi. Helen aliondoka bila jina. Nilimkasirikia Baba kwa ule uongo, na nilimkasirikia Mama zaidi kwa ile sukari.

Mgeni alipotoka, Mama aliweka birika chini. "Ile green ilikuwa yangu," alisema. "Wewe unajenga Nakuru. Mimi naishi hapa." Baba alijibu kwamba watu wote walishaona uamuzi wake, na kwamba nyumba haiwezi kuwa na wakubwa wawili. Hawakugombana. Kwetu hakukuwa na ugomvi wa sauti. Kulikuwa na kimya tu, na kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mshindo wa Mama ulichukua miaka kusikika.

Jengo letu lilivunjwa kabla ya lile la pili. Tulihamia Adelphi, na Mama akaanza kupanda mabasi mawili alfajiri kwenda kazini, akirudi amevimba miguu. Sisemi kibandiko kimoja kingelizuia tingatinga. Mji ulikuwa umeshaamua, na sidhani uliamua vibaya. Lakini jirani zetu wa jengo la pili, kwenye kikao chao, walibisha kila mstari wa ramani ile, wakabandika kijani hadi kwenye mti uliokuwa mbele ya mlango wao, na nyumba mpya zilipojengwa baadhi yao walirudi, kama walivyoahidiwa. Asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tulikuwapo, tukapika na pilau, na letu bado halikuwapo.

Mpango ule ulikamilika karibu wote. Ukingo wa mto sasa una miti mirefu, maktaba yenye kuta za vioo, na feri inayoleta watu Jumapili kula samaki kwa bei inayonifanya nirudie kusoma orodha ya vyakula. Maji hayanuki. Watoto wangu wanapapenda, na mimi pia napapenda, ingawa nikipita pale jengo letu lilipokuwa, penye bustani, huwa natembea haraka. Nyumba ya Nakuru nayo ilikamilika. Ina wapangaji wazuri. Baba na Mama walikwenda kuihamia baada ya kustaafu, wakakaa msimu mmoja wa mvua, wakarudi Maryland kwa wajukuu. Walisema ni kwa muda tu.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, ndugu walipiga simu kutoka Nakuru kupanga mapokezi ya mwili, kama ilivyo desturi, hata kabla hajafa. Baba mwenyewe alikuwa ameongoza michango mingi ya kuwarudisha marehemu nyumbani, na aliijua njia hiyo hatua kwa hatua. Mama alimwita kitandani, mimi na nesi tukiwapo, na safari hii hakuangalia nani anasikia. "Mimi msinirudishe," alisema. "Niacheni hapa karibu na mto." Baba akatoka nje ya chumba, akawapigia ndugu zake mmoja mmoja na kuwaambia hapana, na wengine hawajamsamehe. Wiki ile alinipeleka kwenye kilima kilicho juu ya ule mji uliofufuliwa, akanunua makaburi mawili yanayopakana. Hapo ndipo mahali pekee katika mji ule tulipopachagua wenyewe.